Hela ikifika mlangoni, nani anaifuata hadi jikoni?

Kwenye mhadhara mmoja wa umma, mama mmoja alipewa dakika tatu za kuuliza swali, na mbili kati ya hizo zikaishia kwenye shukrani. Alimshukuru mgeni rasmi, akamshukuru mtoa mada, akawashukuru waandaaji kwa nauli ya kutoka Kisarawe. Ukumbi ulikuwa umeshalegea. Vijana wa nyuma walikuwa kwenye simu zao, na harufu ya pilau ilikuwa inaingia kutoka varandani. Ndipo akauliza.

"Profesa, mimi niko kwenye kamati ya TASAF kijijini kwetu, ile ya ruzuku za kaya maskini. Mwanamume akishajua mkewe amepokea ruzuku, anamwambia: wewe si umepata, basi mwezi huu mimi sitoi. Sasa nyie kwenye fomu zenu hapo mnaandikaje? Kaya imeongezewa, au imebaki palepale?"

Watu walicheka. Mtoa mada akatabasamu, akasema ni swali zuri sana, kisha akarudi kwenye slaidi ya wastani wa matumizi ya kaya. Mwongoza mjadala akaangalia saa. Tukaenda kula.

Hakujibiwa.

Niseme wazi kwamba mimi ni mpenzi wa mihadhara ya umma. Tangu nikiwa mwaka wa kwanza, nikiona tangazo ubaoni, na kama sina mtihani, nitakwenda. Ina raha yake kumsikia mtu aliyekaa na jambo moja nusu ya maisha yake akilieleza kwa saa moja, bure, tena kwa lugha ya watu. Kwa hiyo siandiki kama mtu mwenye chuki na wasomi. Lakini swali lile nilipanda nalo daladala, nikalala nalo, na wiki zikapita bado liko palepale.

## Hesabu ya buku moja

Mada ya siku ile ilikuwa sera za jamii na ustawi wa familia, na mzungumzaji hakuwa mbabaishaji. Aliueleza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tangu ulipoanza mwaka 2012, akaeleza kwa nini ruzuku inaambatana na masharti ya kliniki na shule, na kwa nini kaya zaidi ya milioni moja ziliingizwa. Sikuona pa kumkosoa kwenye takwimu zake. Kilichonisumbua ni kwamba swali la yule mama halikuwa na mahali pa kukaa ndani ya takwimu hizo.

Tufanye hesabu ndogo. Kaya fulani inapata ruzuku ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo mume alikuwa anaacha buku moja, shilingi elfu, ya mboga kila asubuhi, yaani 30,000 kwa mwezi. Ruzuku inaingia, mume anaacha kuacha. Kwenye fomu, kipato cha kaya kimepanda kwa 20,000, maana ile 30,000 ya mume haijapotea, imebaki mfukoni mwake, na yeye ni mwanakaya. Jikoni, sufuria imepungukiwa 10,000.

Majibu yote mawili ni sahihi, na ukumbini lilisomwa moja.

Mihadhara yetu huizungumzia familia kana kwamba ina tumbo moja, kwamba ikishiba basi wote wameshiba. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba yenye baba, mama, bibi, wajukuu na shemeji aliyekuja kutafuta kazi anajua nyama inagawanywaje na nani anaishia kulamba mchuzi. Tunalijua hilo hadi tunapopewa kipaza sauti, hapo tunaanza kusema "kaya".

## Bunge la Uingereza, 1945

Nilianza kusoma. Nilichokuta ni kwamba swali la mama wa Kisarawe lina umri mkubwa kuliko nchi yetu.

Eleanor Rathbone, mbunge wa Uingereza, alipigania kwa zaidi ya miaka ishirini posho ya watoto ilipwe na serikali. Mwaka 1945 muswada ukafika bungeni. Na ulipofika, ulisema fedha hiyo ni mali ya baba. Rathbone, mwenye hoja tangu mwanzo, akatangaza kwamba ikibaki hivyo ataupinga muswada alioulilia miaka yote. Serikali ikawaachia wabunge wapige kura kwa dhamiri zao, na fedha ikaandikwa mikononi mwa mama. Malipo ya kwanza yalitoka Agosti 1946, shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto isipokuwa wa kwanza. Rathbone mwenyewe alikuwa ameshafariki Januari ya mwaka huohuo.

Nilisimama hapo muda mrefu. Mwanamke yule alikuwa tayari kupoteza posho yote kuliko kuiona inapita mkono usiofaa. Kwangu mimi, asiyejali mkono gani umepokea hajaanza kuzungumzia familia, bado yuko kwenye bajeti.

(Mabano tu: miaka hiyohiyo, huku Tanganyika, serikali hiyohiyo ya Kiingereza ilikuwa inagombana na Wapare juu ya mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa kipato cha mtu, mgogoro uliofika hadi wanawake wenyewe kuingia barabarani. Kina mama wa London walipewa, nyumba za Upare zilidaiwa. Nayo ni sera ya jamii, ingawa sijasikia mhadhara unaoanzia hapo.)

## Nguo za nani zimeongezeka

Miaka ya 1970 Uingereza ikabadilisha tena utaratibu. Nafuu ya kodi iliyokuwa inaonekana kwenye mshahara wa baba ikaondolewa kidogo kidogo, na badala yake mama akawa analipwa fedha taslimu. Jumla ya nyumba haikubadilika sana, kilichobadilika ni mfuko. Mwaka 1997 wachumi watatu, Lundberg, Pollak na Wales, walichapisha matokeo ya kuangalia nyumba hizo zilinunua nini kabla na baada. Nguo za wanawake na za watoto ziliongezeka zikilinganishwa na nguo za wanaume.

Nguo tu. Ni jambo dogo, na ndiyo maana nalipenda. Shati la baba na gauni la mtoto havijui nadharia yoyote.

Afrika Kusini walipopanua pensheni ya wazee miaka ya 1990, mchumi Esther Duflo aliangalia wajukuu wanaoishi na wazee hao. Bibi alipokuwa ndiye mpokeaji, wajukuu wa kike walionekana na afya bora, uzito wao ukiendana vizuri zaidi na urefu. Babu alipokuwa ndiye mpokeaji, hakuona mabadiliko ya namna hiyo. Pensheni ileile, nyumba za namna ileile.

Basi dunia ikafanya uamuzi wa haraka: mpe mama. Meksiko walishaanza hivyo mwaka 1997 na mpango wao wa ruzuku ulioitwa Progresa. Kwetu pia, ukienda siku ya malipo, waliokaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji wengi ni kina mama, kidole gumba kikiwa tayari kwa wino.

Nami nilikaribia kuridhika hapo. Kisha nikagundua kwamba swali la mama yule linaanzia pale jibu hili linapoishia. Yeye hakuuliza nani apokee, hilo limeshaamuliwa. Aliuliza: mama akishapokea, baba anafanya nini?

Uingereza, serikali ilimpunguzia baba ili imwongezee mama, kwa sheria, hadharani. Kisarawe hakuna aliyempunguzia baba chochote. Kajipunguza mwenyewe.

## Sheria ipo

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe na watoto wake. Haisemi "isipokuwa mke akipata ruzuku". Kwa hiyo yule mwanamume wa "mwezi huu mimi sitoi" anavunja sheria ya nchi kila asubuhi anapofunga geti. Lakini mwambie mwanamke aende baraza la kata kudai buku ya mchicha. Hata wewe unayesoma usingekwenda.

Mahakama zetu zimewahi kuingia ndani ya nyumba, na walioingia hawakutoka na jibu jepesi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchini analijua. Ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa, hata kama mke hakuleta senti. Ulikuwa ushindi mkubwa.

Ila Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo. Ilionekana mumewe alishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitumia vibaya, basi zikahesabiwa kuwa fungu lake. Wengi wetu tunalinukuu shauri hili nusu, ile nusu tamu. Mimi naona nusu ya pili ndiyo inayofanana na maisha: majaji walifanya kile ambacho mihadhara haifanyi, waliifuatilia hela ikitoka mkono huu kwenda mkono ule ndani ya nyumba moja.

## Sanduku la kufuli tatu

Nilipokwenda kwa mama mdogo, mkoani Pwani, nilikwenda na swali hilo mfukoni. Wilaya ya Bagamoyo ilikuwa mojawapo ya tatu zilizofanyiwa majaribio ya ruzuku za masharti mwaka 2010, pamoja na Kibaha na Chamwino, na tathmini iliyofuata ilionyesha mambo ya kutia moyo, kuanzia bima ya afya ya jamii hadi watoto kununuliwa viatu. Mama mdogo hayuko kwenye orodha ya walengwa, yaani wanaopokea ruzuku. Ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wanachama wake wengi ni walengwa, na kwa hiyo anajua mambo ambayo mtafiti angehitaji kuhamia kijijini ili ayajue.

Nilihudhuria kikao chao, chini ya mwembe, mchana. Sanduku ni la chuma, la bluu, na lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanawake watatu wanaotoka vitongoji tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake, wala wawili wakila njama. Hisa moja ni elfu mbili. Simu ikiita, faini mia tano, na mimi nilitozwa bila huruma. Mama mdogo anaandika kila kitu kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mama anapotaja idadi ya hisa zake wengine wanarudia kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma akumbuke.

Siku ya malipo, akanieleza, hela haiendi nyumbani moja kwa moja. Inapita kwenye sanduku kwanza. Kinachobaki ndicho kinachoonekana.

"Mume akiuliza?"

"Anaambiwa wamekata."

"Nani kakata?"

"Wamekata tu, mwanangu. Serikali haikosi cha kukata."

Wanawake wale walicheka hadi mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikawasimulia swali la mama wa Kisarawe, wakaacha kucheka. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja akasema kwake mume anaacha kutoa hata kabla malipo hayajafika, akisikia tu kwamba dirisha la malipo limefunguliwa.

Kumbe jibu wanalo, wala hawakumsubiri profesa. Wanawake wanaficha kiasi ili mume asiache kutoa. Kila elfu mbili iliyoingia sandukuni kimyakimya inalinda buku ya asubuhi.

Na hapo teknolojia nayo imeingia na mambo yake. Malipo yakitolewa mkononi, kiasi anakijua mpokeaji na karani. Yakija kwenye simu, ujumbe unaandika tarakimu zote, na nyumba nyingi simu ni moja, tena ya baba, au laini imesajiliwa kwa jina la mtoto wa kiume. Nimesikia malipo ya kielektroniki yakisifiwa kwenye mhadhara kwa uwazi wake. Ni kweli yamepunguza mianya ya wizi, na mimi nayaunga mkono. Lakini chini ya mwembe ule niliona kwamba uwazi huohuo unafungua pazia ambalo mama alikuwa amelishikilia kwa mikono miwili.

## "Redio inasikilizwa na wanaume"

Nikamwambia mama mdogo kwamba nitaliandika hili, na kwamba waandaaji wa mihadhara wangefaa waje wamsikilize yeye.

Akaweka kalamu chini.

"Ukaandike kwamba wanawake wanaficha hela? Wa kwanza kusikia atakuwa nani? Redio inasikilizwa na wanaume. Kesho asubuhi kila mume atauliza sanduku liko kwa nani."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilikuwa na hakika kwamba kasoro ya mihadhara yetu ni kutouliza kwa sauti. Sasa nilikuwa mbele ya watu ambao usalama wao unategemea kutoulizwa kwa sauti. Mhadhara wa umma ni wa umma wote, akiwamo yule anayefunga geti asubuhi bila kuacha kitu.

Ndiyo maana makala hii imekaa kwenye rasimu muda mrefu. Nimeitoa kwa kuondoa kijiji na kubadilisha rangi ya sanduku, na kwa sababu moja zaidi: mama mdogo mwenyewe, baada ya kulifikiria, alisema wanaume wanajua kwamba kuna kitu, wasichojua ni kiasi. Mbinu kwa ujumla wake si siri, siri ni daftari.

Ila imenibadilisha namna ninavyosikiliza. Sasa mtoa mada akisema "tuliwahoji wakuu wa kaya", najiuliza mke alikuwa amekaa wapi wakati huo. Akiwa amekaa pembeni ya mumewe kwenye mkeka mmoja, basi kiasi alichotaja ni kile cha "wamekata". Ipo njia ya kufanya vizuri zaidi, na watafiti wazuri huifanya: mke na mume wanahojiwa mbalimbali, na jibu la mmoja halifikishwi kwa mwingine. Ni ghali, inachukua muda mara mbili. Lakini tukishindwa kuilipia hiyo, angalau tusisimame mbele za watu na kuita tulichopata "ustawi wa familia". Tumepima mlango.

## Baba mdogo naye ana lake

Jioni, tukila, nikagusia Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea kule analipwa pensheni ya serikali, wakati inaanza ilikuwa 20,000 kwa mwezi. Hakuna kupimwa umaskini, hakuna mkutano wa kijiji kujadili nani hana, na hailipwi kwa kaya. Inalipwa kwa mtu. Babu anapata yake, bibi anapata yake. Mimi naona uzuri wake uko hapo zaidi kuliko kwenye kiasi: hakuna anayeweza kumwambia mwenzake "wewe si umepata", kwa sababu wote wamepata.

Baba mdogo, ambaye mchana kutwa alikuwa kimya, akaosha mikono na kuvuta kiti.

"Hiyo ni nzuri. Maana huku mwanamume hayupo kabisa. Wanakuja wageni na makaratasi, wanaandika kina mama, wanapiga picha kina mama. Mimi bati za nyumba hii nimeezeka kwa vibarua vya uashi. Mbegu nanunua mimi. Michango ya shule natoa mimi. Nani ameniandika?"

Mama mdogo hakuinua macho kwenye sahani. "Na mboga?"

"Mboga ni kitu kidogo."

"Kidogo kila siku."

Baba mdogo akanigeukia mimi, kama vile mimi ndiye niliyeitisha kikao. Alisema mwanamume haachi kutoa kwa sababu ya roho mbaya. Anaacha kwa sababu bati na mbegu haviji kila asubuhi, vinakuja vikubwa na kwa mkupuo, na asipoanza kuweka mapema vitamkuta mtupu. Mke akipata, anaona ndiyo nafasi ya kuweka. Alieleza vizuri, na sikuwa nimewahi kuisikia hoja hiyo kwenye ukumbi wowote, labda kwa sababu wanaume wa aina yake hawaalikwi na wakialikwa hawaendi. Lakini pia nilikuwa najua, na yeye anajua kwamba najua, kuwa jirani wa nyumba ya tatu anaweka kwenye glasi.

"Basi na wewe andika," mama mdogo akasema. "Daftari lipo. Bati upande wako, mboga upande wangu. Mwisho wa mwaka tujumlishe."

Alidhani mumewe atanyamaza. Baba mdogo akaomba kalamu. Walianza na mahindi ya msimu uliopita, wakakwama palepale kwenye bei, baba mdogo akisema gunia aliuza elfu sitini na mama mdogo akisema ilikuwa elfu sabini na tano, tena mnunuzi alimwona.